Mtoto akigundulika kiziwi, nyumba nzima ndiyo ianze shule: tuliyopitia na mdogo wangu, na pa kuanzia

dada_mkubwa (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nina miaka mingi humu nasoma tu bila kuandika. Kilichonitoa leo ni jambo la wiki iliyopita. Mdogo wangu alikwenda zahanati ana homa. Alifika saa moja asubuhi, akaandikishwa, akakaa kwenye benchi. Saa nane mchana akanitumia ujumbe: "Mimi bado." Nikaomba ruhusa kazini nikaenda. Nikaambiwa jina lake liliitwa mara tatu, hakuitika, faili likawekwa chini ya mengine. Alikuwa amekaa hatua nne tu kutoka mlango wa daktari. Hakuna aliyekwenda kumgusa bega.

Jina la zahanati silitaji, na wala sijaja kuwasema wale wahudumu, walikuwa wawili na foleni imetoka hadi kwenye mwembe. Nimekuja kwa sababu jambo hilihili limemkuta shuleni, polisi, stendi, kwa wakala wa pesa, na kabla ya huko kote lilimkuta kwanza nyumbani kwetu. Nataka niseme la nyumbani, maana ndilo tunaloweza kulirekebisha sisi wenyewe.

Mdogo wangu hakuzaliwa kiziwi. Mwaka 2003, akiwa na miaka minne, aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipotoka wodini alikuwa anakula, anacheka, anakimbia. Tulivyoona haitiki akiitwa tukadhani amedekezwa hospitalini. Bibi ndiye aliyechukua sufuria na mwiko akagonga nyuma ya kisogo chake. Mtoto hakugeuka. Bibi akaweka sufuria chini, akakaa kimya.

Miaka mitatu iliyofuata inaniuma mpaka leo. Tulimpeleka kwenye maombi, tukampeleka kwa mganga, tukanunua matone ya masikio ya kila aina. Kila tulikokwenda tulikuwa tunatafuta masikio. Hakuna hata mmoja aliyetuambia tumtafutie lugha. Mtoto akabaki na alama sita tulizobuni jikoni: kula, lala, choo, baba, njoo, hapana. Maneno aliyoyajua kabla ya kuugua yakamtoka moja moja kama meno ya utoto. Alikuwa anapiga kichwa ukutani, majirani wakasema amechanganyikiwa. Mtoto tumbo linamuuma na hana pa kulisemea.

Alipofika miaka saba, mwalimu mmoja wa kanisani alitusaidia akapata nafasi shule ya viziwi ya bweni. Likizo ya kwanza alirudi mikono inaruka. Siku ile usiku, mezani, alianza kueleza jambo, refu, uso umechangamka, mikono haitulii. Sote tukamtazama. Akarudia polepole. Tukaendelea kumtazama. Akashusha mikono, akachukua kijiko, akala.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Kesho yake nilimfuata uani nikamwonyesha kuku, nikainua mabega. Akanipa alama ya kuku. Nikamwonyesha ndoo. Mpaka anarudi shule nilikuwa na alama kama mia moja, na hapo ndipo nilipojua kilichompata shuleni muhula mzima, nani rafiki yake, na kwamba alidhani tumemtupa kule kwa sababu ya kugonga ukuta.

Kwa hiyo ninachosema ni hiki. Shule ya viziwi ni nzuri, kifaa cha kusaidia kusikia ni kizuri, hospitali ni ya lazima. Lakini mtoto hupewa lugha na watu anaokula nao. Zaidi ya watoto tisa kati ya kumi wanaozaliwa viziwi, wazazi wao wanasikia, na wengi hawajawahi kuona Lugha ya Alama. Ukimpeleka mtoto bweni ajifunze LAT, yaani Lugha ya Alama ya Tanzania, halafu nyumbani hakuna anayeijua, umemtafutia kwao kwingine.

Pa kuanzia, kwa kadiri ninavyojua mimi kwa hapa Tanzania. Kipimo kwanza: hospitali za rufaa zina kitengo cha masikio, pua na koo, na kubwa kama Muhimbili (Dar), KCMC (Moshi) na Bugando (Mwanza) hiyo ndiyo kazi yao. Mtoto mchanga hupimika, msiambiwe mpaka aanze kusema. Kisha nendeni CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, kina matawi mikoani; kwa Zanzibar ni CHAVIZA. Usiende kuomba msaada tu, nenda na mtoto akaone watu wazima viziwi. Mdogo wangu alikuwa anaamini viziwi wote hufa wangali wadogo, kwa sababu hakuwahi kumwona kiziwi mwenye mvi. Halafu ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri na afisa elimu maalumu, hao ndio wanaojua shule zenye nafasi. Ya kwanza nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, Buguruni hapa Dar 1974, ziko Mwanga, Mugeza, Njombe na kwingine, na siku hizi kuna vitengo ndani ya shule za kawaida.

Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

---

mama_igoma

Dada nimesoma nikarudia. Mwanangu ana miaka mitatu na miezi miwili. Mwezi uliopita tumepimwa Bugando, masikio yote mawili hasikii. Baba yake anasema tusubiri, wapo watoto wanaochelewa kusema. Mama mkwe anasema tukimzoesha alama hatasema kamwe, atabaki bubu. Mimi nipo katikati, silali. Nifanye nini kesho asubuhi?

---

dada_mkubwa (mleta mada)

Pole mama, na hongera, maana umepima akiwa na miaka mitatu. Sisi tulipoteza hiyo hiyo mitatu.

Kwa mama mkwe, kwa heshima zote: alama hazimzibi mtoto mdomo. Ubongo wa mtoto unataka lugha mapema, iingie kwa masikio au kwa macho haujali. Akishakuwa na lugha moja imara, nyingine hupata pa kushika, iwe kusoma, kuandika hata kutamka. Anayeumia ni yule aliyekosa zote mbili mpaka miaka saba. Huyo baadaye unamfundisha kusoma neno "jana" na hana wazo la jana kichwani la kulibandikia. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Na neno bubu tuliache. Wenyewe wanasema kiziwi, viziwi, na wanalisema kifua mbele. Bubu wanalichukia.

Kesho asubuhi: mshike bega kabla hujamwambia kitu, akutazame. Uso wako uwe kwenye mwanga, usisimame dirishani jua likiwa mgongoni kwako. Mwonyeshe kikombe, mpe alama ya kikombe, mpe kikombe. Wiki hii tafuta tawi la CHAVITA hapo Mwanza uulize mwalimu kiziwi wa LAT. Nasisitiza mwalimu kiziwi, mwenye lugha yake.

Kuhusu kupandikiza kifaa ndani ya sikio, Muhimbili walianza upasuaji huo 2017, kabla ya hapo watoto walipelekwa India. Gharama ni mamilioni mengi na si kila mtoto anafaa, kwa hiyo muulize daktari wako wazi, na uulize mapema kwa sababu umri una maana. Ila hata wakikubali, baada ya upasuaji kuna miaka ya mazoezi ya kusikia na kutamka. Miaka hiyo yote mtoto anahitaji kuongea na mama yake. Alama zisisubiri.

---

zamu_ya_usiku

Mimi muuguzi, mkoani. Nimesoma habari ya zahanati nikainamisha kichwa, maana naijua. Tangu jana nimeanza kuandika kwa kalamu nyekundu juu ya faili "KIZIWI, MFUATE ALIPOKAA". Haikuhitaji bajeti.

Naomba niongeze upande wetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na sababu zinazozuilika. Ninazokutana nazo: homa ya uti wa mgongo, surua, rubela kwa mama mjamzito, manjano kali ya mtoto mchanga ambayo watu husema "muanike juani itaisha", na sikio linalotoa usaha miezi na miezi huku mtu anatiwa mafuta ya moto au maji ya majani. Sikio linalotoa usaha ni ugonjwa, lina tiba. Chanjo ya surua na rubela kwa pamoja tulianza kuitoa 2014, msiikose.

Na sindano. Kuna dawa kama gentamisini zinaokoa maisha zikitolewa kwa kipimo, lakini zikizidi zinaua seli za kusikia ndani ya sikio na hazifufuki. Mtu anayekuja kukuchoma sindano nyumbani bila kukupima uzito hajui anachofanya.

---

fundi_mbao_viziwi

Habari zenu. Mimi ni kiziwi, fundi seremala, miaka 41. Ujumbe huu umepitiwa na mkalimani rafiki yangu kabla sijaupandisha, maneno ni yangu.

Nimefurahi dada ameanza na meza ya chakula. Kila kiziwi ninayemjua ana hadithi ya meza. Watu wanacheka, unauliza nini, unaambiwa "hamna kitu" au "nitakwambia baadaye". Hiyo baadaye haijafika kwangu toka nikiwa mtoto.

Ninyi wenye masikio mnadhani shida yetu ni kusikia magari. Magari tunayaona. Shida ni hizi. Laini ya simu ikifungwa, huduma kwa wateja ni kupiga simu na kuongea. Nilikaa siku nne na pesa yangu ndani ya simu, nikamtafuta mtu apige, akaulizwa namba ya siri, nikalazimika kumpa. Usiku askari wa doria akikwambia simama na wewe unampa mgongo, umeshakuwa mhalifu unayekimbia. Mkeo akiwa leba, naye kiziwi, anaambiwa asisukume anasukuma, kisha anapigwa kofi la paja kwa ukaidi. Huyo mke ni wangu.

Kazini je? Fundi anaangalia mbao, hasikilizi. Iringa kuna Neema Crafts, ilianza 2003 na vijana viziwi watatu, leo ina karakana na mgahawa ambako wahudumu viziwi wanakuletea chakula, na mteja ndiye anayejifunza namna ya kuagiza. Nilikaa pale mchana mzima natazama tu. Mara ya kwanza kuona wageni ndio wanaohangaika, na sisi tumetulia.

Tupate mitaji na sisi. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, 2 ni ya watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarejea 2024. Viziwi wengi hawaiombi kwa sababu matangazo hutolewa kwa kipaza sauti na kwenye mkutano wa mtaa. Ukimjua kiziwi mtaani kwako, mwandikie tarehe.

---

mdau_wa_kawaida

Naheshimu uzi. Ila kwani kuandika kwenye karatasi hakutoshi? Kiziwi akienda hospitali anaandika shida yake, anajibiwa. Wakalimani kila zahanati serikali itatoa wapi? Na wengine si wanasoma midomo?

---

dada_mkubwa (mleta mada)

Swali zuri, nijibu kwa mfano wa kweli.

LAT si Kiswahili kilichowekwa mikononi. Ina sarufi yake, haina ngeli, haina viambishi vya wakati kama vyetu, muda unaonyeshwa kwa namna nyingine na uso nao unabeba maana. Kwa hiyo Kiswahili kwa kiziwi ni lugha ya pili, tena lugha ambayo hajawahi kuisikia. Mdogo wangu aliwahi kumwandikia mhudumu: "Mimi dawa kunywa bado." Kwake ni hajanywa kabisa. Mhudumu akasoma bado anakunywa. Akaambiwa endelea, dozi haikuanza. Tuligundua siku ya tano.

Midomo sasa. Simama mbele ya kioo, useme bila sauti: baba. Sema: mama. Sema: papa. Umeona? Midomoni ni neno moja. Kusoma midomo ni kubahatisha kwa kusaidiwa na unachokijua tayari, na kwa daktari unakwenda kuambiwa usichokijua.

Wakalimani kila zahanati hapana, sitarajii. Lakini mkalimani mmoja wa halmashauri anayepigiwa simu ya video kutoka zahanati yoyote, hilo simu janja moja na bando vinatosha. Mimi mwenyewe nafanya hivyo kwa marafiki wa mdogo wangu, napigiwa hata saa sita za usiku. Sijawahi kulipwa na sidai, lakini nikilala simu ikizima ndiyo basi, na huduma ya afya isitegemee mimi kulala. Tena kuna mambo mtu hataki dada wa rafiki yake ayajue. Nimewahi kumkalimania binti majibu ya kipimo, nikaona aibu machoni pake. Mkalimani aliyesomea anafungwa na maadili ya kutunza siri. Mimi nina huruma tu.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 ipo, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tuliuridhia 2009. Sheria hiyo inataka kamati za watu wenye ulemavu mpaka ngazi ya mtaa na kijiji. Kaulize kwa mwenyekiti wako kama kamati ipo na kama ndani yake kuna kiziwi hata mmoja. Mimi kwetu niliuliza, nikakuta majina, hakuna kiziwi. Sasa mdogo wangu yumo.

---

jirani_wa_kisumu

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu Katiba ya 2010 imeitambua Lugha ya Ishara ya Kenya, na ni mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Uganda walitangulia, lugha ya alama imo kwenye katiba yao ya 1995, na mwaka uliofuata wakapata mbunge kiziwi, Alex Ndeezi. Hayo ni mambo makubwa na tunajivunia.

Lakini nisiwadanganye. Dada yangu ni kiziwi, na alipojifungua hapakuwa na mkalimani, katiba au la. Kilichomsaidia ni mkunga mmoja aliyekuwa amejifunza ishara ishirini tu: pumua, subiri, sukuma, maumivu wapi, mtoto yuko salama. Ishirini. Ningekuwa na uwezo, ningezibandika ukutani kila wodi ya wazazi kuanzia hapa mpaka Mtwara.

---

kitinda_mimba

Samahani naingilia kidogo. Baba yangu ana miaka 74, si kiziwi ila anasikia kwa shida. Tulimchangia tukamnunulia kifaa cha sikio, akakivaa siku tatu akakitupa kabatini. Anasema kinampigia kelele. Sasa amekuwa mkimya, hata msikitini haendi. Nao hawa wanaingia kwenye uzi huu?

---

dada_mkubwa (mleta mada)

Wanaingia kabisa, na ndio wengi zaidi.

Kifaa kilinunuliwa dukani au kilipimwa? Kifaa kinatakiwa kipangwe kulingana na kipimo cha sikio lake, na kile kipande kinachoingia sikioni kichongwe kwa umbo lake. Kisipokaa vizuri kinapiga mluzi. Mrudisheni kwa aliyempima, kirekebishwe. Halafu azoee: saa moja kwa siku ndani ya nyumba tulivu, redio imezimwa, mtu mmoja anaongea. Wiki ya pili saa mbili. Ubongo uliozoea ukimya miaka mingi, ukifunguliwa ghafla hata kijiko kwenye sahani ni kelele. Betri zake ndogo hudumu siku chache hadi wiki mbili, kwa hiyo pangeni nani ananunua. Usiku kitolewe, kifutwe, kiwe pakavu, jasho la Dar linakiua.

Mengine ni ya kwenu watoto. Msimpigie kelele kutoka jikoni. Nendeni alipo, kaeni mbele yake, semeni kwa utulivu. Akiuliza mara ya tatu, mwambieni mara ya tatu. Msikitini ongeeni na imamu akae safu ya mbele karibu na kipaza sauti, na kabla ya hotuba mtu amwambie mada ni nini. Akijua mada, nusu ya maneno atayapata mwenyewe.

---

fundi_mbao_viziwi

Naongeza kwa huyo mzee. Kwenye mkutano wetu wazee waliopoteza usikivu ukubwani huwa wanakaa pembeni, si wa kwetu si wa kwenu. Mleteni. Tuna mmoja alikuwa dereva wa lori, sasa anajua alama kuliko mkwe wake mkalimani.

---

mama_igoma

Nimerudi kutoa taarifa. Leo nimefika kwenye chama. Nimekutana na mama kiziwi anayefundisha, ana watoto watatu wote wanasikia, wanaongea naye kwa mikono kama wanavyopumua. Mume wangu alikuja kwa shingo upande, akakaa mlangoni. Yule mama akamwuliza kwa maandishi mwanao anapenda nini. Akaandika "magari". Akafundishwa gari, basi, pikipiki, haraka, simama. Njiani kurudi mtoto alikuwa dirishani kwenye daladala, baba yake anamwonyesha, basi, pikipiki, basi. Mtoto hakujibu, alitazama tu mikono yake.

Masomo ni Jumamosi. Mama mkwe amesema atakuja aone kwanza. Tatizo ni nauli ya watu wanne kila wiki kutoka Igoma. Kuna anayemjua mwalimu kiziwi upande wa huku, aje nyumbani tumlipe yeye hiyo nauli? Jirani yangu nyumba ya tatu naye ana binti wa miaka tisa haendi shule, nimemwambia, amekubali tuchangie.

---

dada_mkubwa (mleta mada)

Mdogo wangu alisoma na kijana mmoja anayeishi Buzuruga, hapo hapo Mwanza. Nimempigia simu ya video sasa hivi, anaongea naye. Nipe mpaka kesho jioni. Huyo binti wa miaka tisa, mama yake aende kwa afisa elimu maalumu wiki hii hii na cheti cha kuzaliwa, asisubiri Januari.

---

zamu_ya_usiku

Mleta mada, zile alama ishirini za jirani wa Kisumu, mdogo wako anaweza kupiga picha za kwetu za LAT? Printa ipo, ukuta wa leba upo. Nikizipata kabla ya Ijumaa nitazibandika nikiingia zamu.